Kitendawili, tega: nani anaamua jibu?

Jioni moja nilipeleka kinasa sauti changu katika shule ya msingi moja hapa Katana. Familia kadhaa zilizokimbia vita zilikuwa zimepewa madarasa ya kulala, na tulitaka dakika kumi tu za watoto wakitegeana vitendawili, tuziweke katika kipindi cha jioni. Msichana mmoja, mwenyeji wa hapa, akasimama.

«Kitendawili!»

«Tega!»

«Nyumba yangu haina mlango.»

Jibu la hicho kila mmoja wetu analijua: ni yai. Lakini kijana mdogo aliyefika na mama yake kutoka upande wa Kalehe aliwahi wote. «Ni hema letu la kule,» akasema. Wenzake wakacheka. Msichana akamwambia amekosa, atoe mji. Kijana akakataa. «Umesema nyumba. Umesema haina mlango. Sisi tulilala chini ya turubai tupu. Mlango ulikuwa wapi?»

Watoto wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ndiye niliyeshika mikrofoni. Nikasema kila mmoja ana haki yake, tuendelee. Kijana akaona hana mtetezi, akatoa mji. Watoto wa hapa kwetu hutoa Bukavu, Goma, Kinshasa, hata Paris. Yeye alitoa kijiji chao. Msichana akakipokea kama desturi inavyotaka: akasema amekwenda, amefika, wenyeji wamempokea vizuri, amekula ndizi na sambaza, kisha akafungua fumbo: yai. Mama wa kijana, aliyekuwa anachambua maharagi kando ya ukuta, aliinua kichwa kwanza aliposikia jina la kijiji, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Njiani nikirudi nyumbani niliona kwamba nimekwepa kazi. Watoto waliniomba hukumu, nami nikawapa maneno matamu. Ndiyo sababu, wasikilizaji wapenzi, nanyi mnaotusoma kwenye simu kule mlikokimbilia, leo siwaletei habari za bei ya soko wala za barabara. Nataka tuulizane: tangu zamani, watu waliposhindana kwa mafumbo, nani aliamua jibu lipi ni la haki?

Desturi ndiyo hakimu

Kitendawili ni shindano la zamani lenye kanuni chache. Mtegaji anaita, wasikilizaji wanaitikia, fumbo linasemwa, watu wanajaribu. Wakishindwa wanatoa mji. Anayetaka mji anaweza kuukataa mmoja na kudai mwingine, na akiridhika anausifu kwa maneno mawili matatu kabla ya kusema jibu. Majirani zetu wanaosema Kinyarwanda wana mlango wao wa kuingilia: mtegaji anasema «Sakwe sakwe», wenzake wanaitikia «Soma». Mwito ni mwingine, mchezo ni uleule.

Hapo hakimu hakai kwenye kiti. Hakimu ni desturi yenyewe. Jibu limerithiwa: bibi alilisema, mama akalisema, mtoto analisema. Ukiuliza kwa nini yai na si kibuyu, utaambiwa ndivyo lilivyo. Katika kijiji kimoja chenye moto mmoja wa jioni, hukumu hiyo inatosha, kwa sababu wote wamerithi kutoka sehemu moja.

Inapokutana mioto miwili ndipo shida inapoanza. Katika darasa lile walilala watoto wa Kihavu, wa Kishi, wa Kitembo na wa Kinyarwanda. Kila mmoja ana majibu ya bibi yake. Ukisema jibu la haki ni la bibi wa mwenyeji tu, mgeni atatoa miji mpaka asibaki na hata mmoja.

Mombasa na Lamu: watu ndio mahakimu

Tushuke mpaka pwani, lugha hii ya Kiswahili ilikotoka kabla ya kupanda na misafara mpaka kufika huku kwetu. Mombasa aliishi Muyaka bin Haji, aliyezaliwa karibu mwaka wa 1776 na kufariki karibu mwaka wa 1840. Wataalamu wanamsifu kwa kuutoa ushairi kwenye mambo ya dini peke yake na kuupeleka sokoni, barazani na vitani. Alipenda kucheza na neno moja lenye maana mbili au tatu, na aliwatungia wenzake mafumbo wayafungue kwa mashairi.

Haukuwa mchezo wa watoto. Mombasa ilikuwa chini ya watawala wa Mazrui, nayo Lamu ilikuwa mshindani wake. Miji hiyo ilipigana Shela karibu mwaka wa 1812, na Lamu ikashinda. Katika ugomvi huo washairi walirushiana beti kutoka mji hadi mji, Muyaka upande wa Mombasa, Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Neno likifungwa ndani ya fumbo huweza kupita mbele ya adui bila kukamatwa, au likamfikia na kumchoma bila kumtaja jina.

Huko hakukuwa na kitabu cha kanuni. Watu ndio walioamua. Shairi lililofungua fumbo vizuri lilishikwa kwa kichwa na kuimbwa tena, na lililoshindwa likasahauliwa. Miaka mingi baada ya kifo cha Muyaka, beti zake zilikuwa bado vichwani mwa wazee wa Mombasa. Mwalimu Sikujua alizikusanya akisaidiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka wa 1940 William Hichens akazitoa katika kitabu, Diwani ya Muyaka. Hukumu ya watu ilizihifadhi miaka yote hiyo.

Lakini hukumu ya watu ina upande wake mbaya. Darasani kwetu pia watu waliamua: walicheka. Wenyeji wakiwa wengi, kicheko chao ndicho hukumu.

Kanuni zinaandikwa

Mwaka wa 1923 gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam, na washairi wa Tanganyika wakapata uwanja wa kujibizana bila kuonana uso kwa uso. Mtu wa Tanga aliweza kusoma shairi la mtu wa Tabora na kulijibu. Watu wasiofahamiana wakishindana hivyo hawana tena moto mmoja wa kuwaamulia, na hapo kanuni zikatafutwa.

Aliyeziandika zikajulikana sana ni Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa mwaka wa 1924 Ujiji, kwenye ufuko wa Tanganyika unaotazamana na Kongo yetu. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka wa 1954. Ndani yake alieleza vina, mizani na yanayompasa mtunzi. Baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, akafariki mwaka wa 1964 akiwa na miaka 40. Wapo waliompinga na kusema ushairi haufungwi kwa kamba. Lakini kanuni iliyoandikwa ina faida moja kubwa: mgeni naye anaweza kuisoma, na akionewa anaweza kuionyesha kwa kidole.

Waingereza na hakimu mwenye jina la mtesaji

Jambo kama hilo lilitokea mbali sana na hapa, katika mchezo ambao wengi wetu tuliosoma sekondari tunaujua kwa jina la Kifaransa, mots croisés: maneno yanayokatizana ndani ya vyumba vyeupe na vyeusi. Wa kwanza ulitungwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Waingereza wakaugeuza. Badala ya kuuliza maana ya neno waziwazi, wakaanza kutega. Mwaka wa 1926 Edward Powys Mathers alianza kutega katika gazeti la The Observer la London akijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania iliyotesa watu. Alipofariki mwaka wa 1939 akafuatwa na mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes, na mwaka wa 1972 akaanza Jonathan Crowther, aliyejiita Azed. Ximenes naye alikuwa mkuu wa mahakama hiyohiyo, na Azed ni Deza, mkuu mwingine, jina lake likisomwa kinyumenyume.

Majina ni ya watesaji, lakini Ximenes aliacha jambo la haki. Aliwapa wasomaji neno moja, kila mmoja alitungie fumbo, naye anasoma, anapima, anatangaza walioshinda. Azed aliyaendeleza mashindano hayo. Mwaka wa 1966 Ximenes alitoa kitabu cha kueleza anavyopima. Kwa ufupi, fumbo la haki lina sehemu mbili. Moja inaeleza maana ya jibu, nyingine inaonyesha njia ya kulijenga neno lenyewe, na hakuna neno la ziada la kupoteza watu. Mtegaji ana ruhusa ya kukudanganya macho, lakini kila neno lake lazima liwe kweli ukilitazama vizuri.

Kwa Kiswahili inawezekana kabisa. Nikisema: «Geuza kazi ya shambani upate utajiri», jibu ni mali. Kazi ya shambani ni kulima. Chukua li-ma, geuza silabi, unapata ma-li. Mkulima wa hapa atasema anageuza kila mwaka na mali haioni, lakini fumbo ni la haki.

Shindano la neno letu

Tukaamua kujaribu. Tuliwapa wasikilizaji neno moja, Katana, walitungie fumbo. Zawadi ilikuwa daftari na kipande cha sabuni. Mahakimu tulikuwa watatu: mwalimu mstaafu, mama muuza sambaza wa Kabamba, na mimi. Mtu asidhani tunaeleza asili ya jina la mji huu. Ni mchezo wa sauti tu.

Kutoka kwa wenyeji wengi tulipokea fumbo la namna hii: «Tumia kisu, ongeza ‘pamoja na’, utafika nyumbani.» Kata, halafu na: Katana. Nililipenda sana. Mwalimu akalikataa. «Nyumbani kwa nani?» akauliza. «Nusu ya wanaotusikiliza sasa hivi wako Katana, na hawako nyumbani. Maana lazima iwe kweli kwa kila anayesikia.» Tukalirekebisha: «utafika penye hospitali ya FOMULAC». Hapo hata aliyefika jana anaweza kulifungua.

Fumbo moja lilikuja kwenye karatasi iliyokunjwa, kutoka kwa kijana aliyehamia hapa kwa sababu ya vita. Anayeona maneno ya panga ni mazito kwake leo, aruke mistari michache. Liliandikwa hivi: «Mimi kwa panga, wewe kwa panga: tunafanya nini, na tuko wapi?» Kupenda, kupendana. Kukata, kukatana. Tunakatana, na tuko Katana. Hakuna neno la ziada, hakuna uongo ndani yake. Kwa kipimo cha Ximenes lilikuwa la kwanza, na yaliyofuata yalikuwa mbali.

Tulikaa kimya. Mama wa Kabamba akasema: «Kwa haki limeshinda. Lakini yuko mtu atakayelisikia usiku, peke yake na watoto.» Mwalimu akasema ukiliondoa, utakuwa umemwambia kijana kwamba aliyoyaona hayana nafasi katika lugha yetu. Wote wawili walisema kweli, na safari hii sikutaka kukwepa. Nilipendekeza, wakakubali: zawadi ya kwanza ni yake, jina lake tukalifanya siri, na hewani tukatangaza kwamba fumbo lililoshinda halitasomwa kwenye redio. Mtu akiwa anasikiliza redio hajui neno gani linakuja. Anayesoma anaweza kuacha. Ndiyo sababu liko hapa, kwa ruhusa yake. Nilipompelekea daftari aliniambia tayari ana fumbo jingine la mwisho uleule wa neno, kwenye kusaidiana. Nalingoja.

Hukumu niliyodaiwa

Sasa narudi kwenye darasa lile. Jibu la hukumu linategemea nani anahukumu. Desturi inasema yai. Watu waliokuwapo walicheka. Kanuni iliyoandikwa inauliza jambo moja tu: jibu la kijana linakubaliana na kila neno la fumbo au halikubaliani? Nyumba: ndiyo, walilala humo. Haina mlango: ndiyo, turubai halina. Basi kama fumbo linafungua njia mbili, kosa ni la fumbo. Aliyepita njia ya pili hana kosa. Msichana naye hajashindwa, kwa maana yai limebaki yai. Ila hakuwa na haki ya kudai mji.

Nilirudi shuleni kuwaambia, nikakuta madarasa yamefagiliwa na familia ile imeshaondoka. Kwa hiyo natoa hukumu hapa. Mama uliyekuwa unachambua maharagi, ukisoma haya au akikusomea mtu, mwambie kijana wako kwamba jibu lake lilikuwa halali. Hakushindwa. Kile kijiji alichokitoa usiku ule bado ni chake.