Sahani Alizozikumbuka Ibn Battuta

Msomaji, msafiri aweza kusahau njia aliyoipita, asisahau chakula alichokirimiwa ugenini. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier, nchini Moroko, mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1331 akafika Mogadishu. Wafanyabiashara wageni walishukia nyumbani kwa wenyeji wao. Yeye, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, na sultani akampa makazi na chakula.

Aliandaliwa wali wa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya malimau, pilipili, tangawizi na maembe. Kisha akapita Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Huko chakula kikuu kilikuwa ndizi na samaki, kwani kisiwa hakikulima nafaka. Nafaka ililetwa kutoka pwani ya jirani.

Aliporudi kwao alisimulia safari zake, zikaandikwa, na kitabu kikatimia mwaka 1355. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita, na achari ile bado anaikumbuka!

Vita vya wafalme havikosi mwandishi, lakini nani huandika habari za mpishi? Jina la aliyepika wali ule limepotea. Kazi ya mikono yake imebaki. Basi, msomaji, nawe ukila ugenini, uliza chakula kimetoka wapi na nani amekipika, kisha uandike.