Mwaka wa Mtu na Mwaka wa Mali

Kijana wa kanisa anapokuja kuishi mwaka mmoja na wagonjwa, yatima na wazee katika kata kama Simbo, nje kidogo ya mji wa Kigoma, huwa anafuata desturi yenye historia. Mwaka 1954, huko Neuendettelsau, Ujerumani, mkuu wa nyumba ya udiakonia ya Kilutheri, Hermann Dietzfelbinger, aliwaomba vijana watoe mwaka mmoja wa maisha yao kwa wagonjwa na wasiojiweza. Serikali ya huko ikauwekea mwaka wa namna hiyo sheria mwaka 1964, na tangu 2008 mpango wa kujitolea wa weltwärts unaleta vijana wa Kijerumani hadi Tanzania. Kinachotolewa hapa ni mtu mwenyewe, na ujana wake.

Uislamu nao una mwaka wake, na Ujiji, mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, unaujua vizuri. Ila mwaka wa zaka huhesabiwa juu ya mali. Fedha ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na ikatimiza mwaka mkononi mwa mwenyewe, 2.5% si yake tena. Mazao hayasubiri hata huo mwaka: aliyelima kwa mvua, mavuno yakifika kiwango, hutoa sehemu ya kumi pale pale anapovuna.

Jambo hili linanigusa sana. Fukara anayepokea zaka hana deni la shukrani, maana alicholetewa ni haki yake. Kijana wa kujitolea, hata awe mnyenyekevu namna gani, huja na zawadi, na zawadi humshusha kidogo anayeipokea. Tena kwa miezi ya mwanzo anayehudumiwa ni kijana mwenyewe. Mama mwenyeji anampikia ugali wa muhogo na migebuka, anamsahihisha salamu, anamwonyesha namna ya kutwanga chikichi zilizochemshwa, kuzikamua na kuengua mawese, mikono yote ikiwa imeiva rangi ya chungwa. Huyo mama naye anajitolea, lakini hakuna anayempa cheti.

Hata hivyo siwezi kuipa zaka ushindi wote. Asilimia haimwogeshi mgonjwa. Mtu anaweza kuitoa kila mwaka bila kuwahi kuketi mkekani na aliyeipokea, na hapo mwaka wa kijana yule unaizidi: unamlazimisha kuketi.

Lakini kuna shida isiyosubiri mwaka wowote. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Kurani inamtaja msafiri aliyekwama miongoni mwa makundi manane ya kupewa zaka. Injili inamtaja mgeni aliyekaribishwa. Wana Kagunga hawakuwa na mwaka wala nisabu ya kuhesabu. Watu walikuwa wameshafika mlangoni.

Na Ziwa Tanganyika hili limewahi kumpata mtu aliyeukataa mwisho wa mkataba. Adrien Atiman alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa, mwaka 1889, akaoa huko huko, akatibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Wagonjwa wa Karema hawakuwa wakianza upya kila mwaka kumweleza daktari mpya yanayowasumbua.

Mwaka mmoja ni mfupi mno kusimama peke yake. Unafaa ukiwa umeshikizwa kwa mtu asiyeondoka. Ndiyo maana naziomba parokia na misikiti ya Kigoma: kijana wa mwaka mmoja akija, mwekeni chini ya muuguzi au mlezi wa hapa hapa, awe msaidizi wake. Na kabla ya kumlipia nauli mgeni wa mwaka unaofuata, ulizeni kwanza kama huyo anayebaki amelipwa mshahara wake.