Aliyepotewa na Mashariki

Mwingereza akitoka katika kituo cha treni za chini ya ardhi mjini London, akasimama njia panda asijue ashike upande wa kuume au wa kushoto, husema kuwa yu "disoriented". Wala haimpitikii kwamba neno hilo, analolitamka kila uchao, limebeba ndani yake jua, madhabahu ya kanisa na ramani zilizochorwa juu ya ngozi za wanyama.

Waingereza walilipokea neno hilo kwa Wafaransa katika karne ya 17, nao Wafaransa walikuwa wamelijenga juu ya neno la Kilatini "oriens", ambalo maana yake ni kichomozacho, yaani jua, na kwa hiyo upande ule linakochomozea. Kwa asili yake, basi, aliyepotea ni mtu aliyepokonywa mashariki yake. La ajabu kidogo ni kwamba katika vitabu vya Kiingereza kitenzi hiki cha kupotea kilitangulia kuonekana, na kile cha kujua uelekeo, "orient", kikafuata nyuma yake katika karne ya 18, kana kwamba watu walipata habari ya maradhi kabla ya kuijua siha. Ama ule ubishi wa Waingereza na Wamarekani, hao wakilirefusha neno kuwa "disorientate" na hawa wakilikata, mimi sioni faida ya kuuingilia.

Lakini kwa nini mashariki, ilhali msafiri wa leo akishika dira hutafuta kaskazini kwanza? Jawabu limo katika ibada. Wakristo wa zamani walikuwa na ada ya kusali wakielekea macheo, na walipoanza kujenga makanisa makubwa huko Ulaya, madhabahu aghalabu yaliwekwa upande wa mashariki na mlango mkubwa upande wa magharibi, hata ikawa mgeni aingiaye mji asioujua huweza kulitazama kanisa tu akatambua pande zote nne za dunia bila ya kuuliza mtu. Ada yenyewe ilikuwa na mzizi mrefu kuliko Ukristo, na jambo hilo liliwasumbua wakuu wa dini: Papa Leo wa Kwanza, katika karne ya 5, aliwakemea hadharani waumini waliokuwa wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, kisha kabla ya kuingia ndani wakageuka nyuma na kuliinamia jua lililokuwa likichomoza. Waligeuka nyuma kwa sababu kanisa hilo hasa limepangwa kinyume cha mengine, uso wake wa mbele ndio ulioelekea mashariki.

Wachora ramani nao walifuata mkondo huo huo. Katika kanisa kuu la Hereford, magharibi mwa Uingereza, ingali ipo ramani ya dunia iliyochorwa yapata mwaka 1300 juu ya ngozi ya ndama mmoja, yenye kimo cha zaidi ya mita moja na nusu. Juu kabisa kuna mashariki na Bustani ya Edeni, katikati Yerusalemu, na Uingereza yenyewe imebanwa pembeni, chini kushoto. Atazamaye ramani hiyo kwa makini hukuta kichekesho ambacho hakuna aliyekikusudia: yule aliyeandika majina ya mabara kwa herufi za dhahabu aliandika "Afrika" juu ya Ulaya, na "Ulaya" juu ya Afrika.

Wala mashariki haikuwa na haki ya pekee ya kukaa juu. Sharifu al-Idrisi, aliyemtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alikamilisha mwaka 1154 kitabu na ramani zake ambamo kusini ndiko juu, na katika kitabu hicho alitaja Malindi na Mombasa na chuma cha nchi ya Zinji. Yeye kwa desturi ya ilimu yake hakuona ajabu kuiweka Afrika juu ya Ulaya.

Kilichoitoa mashariki katika kiti chake ni sindano ya sumaku. Wachina walikuwa wakiijua zamani, na mwishoni mwa karne ya 12 mwanachuoni wa Kiingereza Alexander Neckam aliandika habari za mabaharia wanaoitumia jua na nyota zinapofichwa na mawingu. Sindano hiyo haikujua dini ya mtu. Ilielekea kaskazini na kusini tu. Hata hivyo watengeneza ramani za bahari hawakuisahau ada ya zamani kwa siku moja, kwani kwa muda mrefu waliendelea kuchora msalaba mdogo upande wa mashariki wa dira, ijapokuwa kaskazini ndiyo iliyokuwa imekwisha kuvikwa taji.

Huku pwani yetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Maadamu Makka iko karibu kabisa kaskazini ya Zanzibar, Pemba, Mombasa na Lamu, mhimili wa pwani ulikuwa ni kibla, na wazee wengi wakisema kibla wakikusudia kaskazini. Katika msikiti wa Kizimkazi, ambao mihrabu yake ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, asimamaye kuswali huwa na macheo upande wa kuume na machweo upande wa kushoto. Na aliyezikwa katika mchanga wa pwani hii hulazwa kwa ubavu wa kuume, kichwa mashariki na miguu magharibi, uso kibla. Msafiri aliyepotewa na kibla nyikani au baharini hakuachiwa kukaa bure: fiqhi inamtaka ajitahidi, atazame jua, nyota na pepo, kisha aswali kule ambako dhana yake imeegemea. Baharini tena kulikuwa na kaskazi na kusi, pepo mbili zilizozipa pande mbili za dunia majina yake, na kulikuwa na upepo wa matlai, jina litokalo katika Kiarabu kwa maana ya mahali pa kuchomoza. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliigawa duara ya upeo wa macho sehemu 32 kwa machomozo na machweo ya nyota, na mashariki ya kweli waliiita matlai ya nyota ya Tairi. Huyo rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 hata wakaiona pwani ya India kabla ya mwezi kwisha, Wareno walimwandika "Malemo", na sikio la Mswahili halihitaji kuambiwa kuwa hilo ni mwalimu, jina la mjuzi wa njia chomboni.

Zama za ndege zilifunua upungufu mwingine. Rubani aliye ndani ya wingu hutegemea maji yaliyomo katika mifereji ya sikio la ndani, na Robert Bárány wa Vienna, aliyepewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi sikio hilo linavyohadaika: mtu aliyefumba macho akizungushwa juu ya kiti, kiti kikipunguza mwendo, huapa kwamba anazunguka upande wa pili. Mwaka 1929 James Doolittle aliruka, akazunguka na kutua huko Long Island chumba chake kikiwa kimefunikwa turubali, akisoma vyombo tu.

Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Ujerumani walitangaza habari za watu sita walioambiwa watembee kwa saa kadhaa katika msitu wa Bienwald bila ya kugeuka. Wawili waliotembea siku ya jua walishika njia iliyonyooka. Wanne waliotembea chini ya mawingu wote walizunguka, na watatu kati yao walivuka nyayo zao wenyewe mara kwa mara pasipo kujua. Katika Sahara, mmoja aliyetembea usiku alikwenda sawasawa hata mwezi ulipotua, kisha akapinda mara kadhaa na kushika njia ya kurudi alikotoka, naye akiamini kuwa anakwenda mbele.