Mochila na shanta

Cartagena, mji wa kale wa Kolombia kwenye pwani ya Karibi ulioanzishwa mwaka 1533, kijana anayeshuka basi na mzigo mgongoni huitwa mochilero. Jina limetokana na mochila, begi la mgongoni, nalo lina asili katika mochil, kijana wa kutumwatumwa. Lakini pwani hiyohiyo mochila ni pia mkoba wa kufuma, kazi ya mikono ya wanawake wa Kiarhuaco na Kiwayuu, huvaliwa begani na kuning'inia kiunoni. Ndiyo maana mochilero aliyelala hosteli za mtaa wa Getsemaní huweza kurudi kwao na mochila mbili: ya nailoni mgongoni, ya nyuzi begani.

Sisi tunalo neno shanta, tulilolipata kwa Waarabu, nao kwa Waturuki. Zamani lilinukia jasho la askari. Leo wengi husema “begi la mgongoni”, maneno matatu kwa kitu kimoja. Na mwenye nalo? Husikika “mtalii wa bajeti ndogo”, kana kwamba tumempekua mfukoni. Mimi humwita mbeba shanta.