Chumbe Haiigiki: Ukubwa wa Hifadhi na Swali la Nani Anayelinda

Panapozungumzwa uhifadhi wa bahari katika pwani yetu, Chumbe hutajwa kama mwanafunzi aliyeshika namba moja darasani. Sifa hiyo si ya bure. Kisiwa hicho cha hekta ishirini na kitu, kusini mwa Mji Mkongwe, kilitangazwa na Serikali ya Zanzibar kuwa hifadhi mwaka 1994 kufuatia juhudi za Mjerumani Sibylle Riedmiller. Mwamba wake wa magharibi hauvuliwi na msitu wake haukatwi. Mabanda ya wageni ni saba tu. Paa zake hukinga maji ya mvua, na vyoo vyake hugeuza kinyesi kuwa mboji. Mgeni huogelea juu ya matumbawe kwa miwani ya maji na bomba la kupumulia. Kuzamia kwa mitungi wameachiwa watafiti. Fedha ya mgeni ndiyo inayolipa walinzi na ndiyo inayowaleta watoto wa shule za Unguja kuona mwamba ambao wengi wao hawajapata kuutazama chini ya maji.

Kutokana na hayo, ushauri unaotolewa mara kwa mara ni mmoja: igeni Chumbe. Makala haya yanadai kwamba ushauri huo umesimama juu ya usomaji mbaya wa Chumbe yenyewe. Kilichouhifadhi mwamba ule kabla ya mtalii wa kwanza hakikuwa utalii. Kisiwa kiko kando ya njia ya meli zinazoingia bandarini, vyombo vidogo vikazuiwa kutanda nyavu upande wa magharibi, na pwani iliyokikabili ilikuwa eneo la jeshi. Hapakuwa na kijiji. Palikuwa na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na mtu wa kuutunza. Hifadhi ilipotangazwa hakuna ukoo uliohamishwa wala dago lililovunjwa.

Jambo la pili ni jicho. Mlinzi akipanda mnarani anauona mwamba wote uliohifadhiwa, ambao haufikii kilomita moja ya mraba. Walinzi wa Chumbe, ambao kundi lao la kwanza lilitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji jirani, hawabebi silaha. Ngarawa ikisogea, wanaiendea, wanasalimiana na mvuvi, wanamweleza kwa nini pale hapavuliwi na mazalia ya samaki yanamfaidia vipi yeye aliye nje ya mpaka, kisha wanaandika tukio daftarini. Njia hiyo ni nzuri mno. Lakini inawezekana kwa sababu mvuvi ameonekana kabla hajashusha nyavu.

Sasa tuvuke kwenda Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu: Chole, Juani, Jibondo, Utende na vijiji vingine. Ramani imegawanywa katika kanda, kuanzia kiini kisichovuliwa hadi eneo la matumizi ya jumla. Kwenye karatasi mpaka unaonekana. Kwenye maji, usiku, kusi ikivuma na petroli ikiwa imepungua, boti moja ya doria haioni kitu.

Tena Mafia haikuanza kwa ugomvi. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi Chole na kuandika kitabu kuhusu hifadhi hii mwaka 2004, anaonyesha kwamba wakazi wengi waliiunga mkono mwanzoni kwa kuwa walichoshwa na wapiga baruti, hasa wale waliotoka Dar es Salaam. Walitaka nguvu ya serikali iwaondoe wageni wale. Baadaye wakaona nguvu hiyohiyo ikigeukia nyavu zao. Jibondo, kisiwa cha mafundi wa vyombo na wavuvi wa jarife, kilipinga kwa muda mrefu, na upinzani huo ukaandikwa ripotini kama ukaidi wa watu wasioelimishwa. Naona ni kinyume: waliielewa hifadhi vizuri sana, ndiyo maana waliikataa.

Na mgeni je? Hulipa ada langoni, kwenye barabara ya kutoka Kilindoni kwenda Utende, na mgao wa vijiji unatokana na ada hizo. Ila kivutio kinachowaleta wageni wengi kuanzia Oktoba hadi Machi ni papa potwe, na potwe hao hukusanyika mbele ya Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi, wakifuata uduvi na viumbe wengine wadogo mahali palepale wenye mitando wanapovua dagaa. Pale mlinzi ni nahodha wa boti ya watalii: yeye ndiye wa kumwambia mgeni asimguse samaki na asimkatie njia. Halafu ukaja mwaka 2020, ndege zikasimama kwa janga la korona, na kila hifadhi iliyotegemea mgeni ikajua ukubwa wa hatari yake.

Mfano wenye manufaa zaidi kwa Mafia tuutafute kwa wachokoaji wa pweza. Bamvua linapotoa maji, wanawake hutembea mwambani na chuma chembamba mkononi, macho chini, wakitafuta maganda ya kaa na chaza yaliyorundikwa mbele ya tundu, maana pweza hula nyumbani na kutupa takataka mlangoni, kisha hujiziba kwa vijiwe. Pweza hukua haraka na haishi sana. Kufunga kipande cha mwamba kwa miezi michache kunatosha kumwona akiwa mzito zaidi anapopimwa. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagascar, walijaribu mwaka 2004. Kisiwa Panza kule Pemba nao wamefunga na kufungua. Siku ya kufungua ina matatizo yake: watu hufurika, wengine wametoka mbali, na faida ya miezi inaweza kuvunwa kwa mawio mawili matatu. Hata hivyo, wakati wa kufungwa kila anayepita ni mlinzi, kwa sababu mwizi anamwibia yeye.

Itasemwa kwamba kamati za vijiji huonea haya jamaa zao. Ni kweli. Doria ya serikali nayo hupewa samaki. Tofauti ni kwamba kijiji hujua chombo ni cha nani kwa kuliona tanga tu. Itasemwa pia kwamba joto la mwaka 1998, lililoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kitutia, huko Mafia, na kuugusa hata mwamba wa Chumbe, halizuiwi na mlinzi yeyote. Hilo nalo ni kweli, lakini matumbawe machanga hushika upesi zaidi pale walipobaki samaki wanaokula mwani, na samaki hao ndio wa kwanza kuingia katika juya.

Kwa hiyo pendekezo ni la kisheria kabla ya kuwa la kitalii. Kamati za vijiji zipewe mamlaka ya kufunga na kufungua miamba yao bila kungoja idhini kwa kila msimu, na posho za waangalizi wa vijiji zikatwe katika ada ya langoni kabla ya matumizi mengine yoyote. Pa kuanzia ni Jibondo. Vyombo vyake hupita kila siku kwenye miamba ya mbali ambayo boti ya doria huifikia kwa nadra.