Wanawake wakimbizi wa Barawa na mtihani wa Kiingereza Mombasa

SERIKALI ya Somalia ilipoporomoka Januari 1991, maelfu ya watu kutoka Barawa na Mogadishu walisafiri baharini hadi Mombasa. Baadhi yao walipata hifadhi katika kambi za Utange na Swaleh Nguru, ambazo zilifungwa miaka ya 1990. Wengine walipokewa na jamaa kisiwani.

Wabarawa hawakuwa wageni wa lugha. Chimwini, yaani lugha ya Mwini, jina la kienyeji la Barawa, ni nduguye Kimvita. Ndiyo lugha aliyoitungia tenzi Dada Masiti, mshairi wa kike aliyefariki mwaka wa 1919. Mwanamke wa Kibarawa aliweza kununua viungo Marikiti na kujuliana hali na majirani wa Mji wa Kale pasi na mkalimani.

Kikwazo kilikuwa Kiingereza, lugha ya fomu za hospitali, barua za shule na karatasi nyingi za maombi ya ukimbizi. Mtoto anayesoma hugeuka mkalimani wa mamake. Hapo ndipo stara hupata mtihani: yapo maradhi ambayo mama hawezi kuyataja mbele ya mwanawe wa kiume. Hunyamaza, naye daktari hutibu nusu ya ugonjwa.

Hata saa ina mtego. Miadi ya saa tatu asubuhi huhesabiwa tisa kwa Kiingereza. Mama aliyeshika nambari pekee atafika saa tisa alasiri, akute mlango umefungwa. Katika mahojiano ya kutafuta makao ng'ambo, kosa la namna hiyo kuhusu saa au tarehe laweza kumfanya msema kweli aonekane mwongo.

Sheria, hata hivyo, haikumwacha mikono mitupu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe upesi sababu kwa lugha anayoielewa, nacho cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Haki hizi mbili hazikuwekewa sharti la uraia.

Kwa hivyo, mkimbizi anayeomba aelezwe kwa Kiswahili hajifichui ujinga. Anatumia lugha rasmi ya nchi iliyompokea.