Vumbi la Maktaba

Miezi michache baada ya kukabidhi ofisi, mwaka 2010, chuo chetu cha ualimu kilifanya mnada wa vifaa chakavu. Dalali aliponyanyua kitu kimoja chenye mpini mrefu, mfuko wa kitambaa ulioning'inia na kichwa cha chuma kilichofanana na kasa, watu waliangua kicheko. Mmoja akauliza kama ni mashine ya kukatia nyasi. Nilikitambua, nikakinunua kwa shilingi 3,000, nikakipeleka nyumbani. Kwa miaka mingi kilikaa chini ya kitanda cha wageni, na mke wangu kila alipofagia chumba kile hakuacha kunikumbusha kwamba mashine ya kuondoa vumbi ndiyo iliyokuwa ikiyalea.

Ilikuwa mashine ya kufyonza vumbi, ya aina ile ya kusimama ambayo mtu huisukuma mbele yake. Mwalimu Mwingereza aliyefundisha chuoni miaka ya 1960 aliiacha alipoondoka, ikawekwa maktaba, kwa sababu maktaba ndiyo peke yake iliyokuwa na zulia. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na siku zote niliwaambia wanafunzi wangu kwamba chombo ni waraka kama barua ilivyo waraka. Nakiri kwamba waraka huu nilichelewa mno kuusoma.

Asili ya mashine hizi imo katika miji miwili. Mwaka 1901, huko London, mhandisi Hubert Cecil Booth alibuni mashine iliyofyonza vumbi badala ya kulipuliza. Yenyewe ilikuwa kubwa kama gari, ikikokotwa na farasi. Ilisimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Kwa hiyo ilianza kuwa huduma ya wakubwa, na mfagizi wa kawaida haikumhusu.

Mji wa pili ni Canton, katika jimbo la Ohio, Marekani. Huko alikuwako mfagizi wa duka, James Murray Spangler, mtu mzima wa karibu miaka 60, aliyesumbuliwa na pumu. Kila alipofagia mazulia ya duka, vumbi lilimrudia kifuani. Akachukua mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Foronya ikawa mfuko wa vumbi. Hataza yake ilitolewa tarehe 2 Juni 1908. Hakuwa na mtaji, na mwaka huohuo haki zake zikaingia mikononi mwa William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi, ambaye biashara yake ya hatamu na matandiko ya farasi ilikuwa inatishwa na ujio wa motokaa. Spangler alifariki mwaka 1915. Jina la Hoover ndilo lililogeuka kuwa kitenzi katika midomo ya Waingereza. La Spangler walijua wachache. Kampuni hiyo ilifungua kiwanda kikubwa cheupe Perivale, magharibi mwa London, mwaka 1933. Siku hizi ofisi zake za mbele ni makazi ya watu, na nyuma yake kuna duka kubwa. Hata viwanda hustaafu.

Nimelisimulia jambo la pumu makusudi. Mashine hii haikubuniwa na mtu aliyeketi ofisini akiwahurumia wafagizi. Aliibuni mfagizi mwenyewe, kwa kifua chake mwenyewe.

Niliifungua hatimaye baada ya mjukuu wangu, anayesomea ufundi umeme, kuja likizo na bisibisi zake. Kazi ya kwanza ilikuwa waya. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na mtu angeichomeka vile angeweza kupoteza maisha. Tukaweka waya mpya wenye nyuzi tatu, ule wa ardhi tukaufunga kwenye kichwa cha chuma. Mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kuzungusha brashi ulikuwa umekatika. Tulikata pete ya tyubu ya baiskeli, nayo iliteleza mpaka tulipopata iliyo nyembamba kidogo. Beringi tulizisafisha kwa mafuta ya taa, tukazipaka grisi mpya. Mfuko ulikuwa umeoza, nikampelekea fundi cherehani pamoja na yadi mbili za marekani. Alipouliza kwa nini marekani, nilimpa somo zima bila malipo: kwamba kitambaa hicho kilipewa jina hilo na watu wa pwani kwa sababu wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakikileta Unguja enzi za Seyyid Said, ambaye mwaka 1833 aliwekeana mkataba na nchi yao. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia nirudi Alhamisi.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1983 nilikuwa makamu wa mkuu wa chuo, kijana wa miaka 33. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka ule. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ameanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, Bunge likapitisha sheria yake, na kila kiongozi, hata wa ofisi ndogo kama yangu, alitaka aonekane hana simile na mharibifu wa mali ya umma. Sabuni ilikuwa haba, vipuri havikupatikana. Katika hali hiyo mashine ya maktaba ikazima, haikuwaka tena.

Iliendeshwa na mzee mmoja wa usafi, mtu mpole, aliyekuwa akikohoa asubuhi. Siku ilipozima, zulia lilikutwa limelowa upande mmoja. Nikakata shauri papo hapo kwamba alikuwa amefyonza maji. Mzee alisimama mbele ya meza yangu ameshika kofia. "Mwalimu," akasema, "maji yamemwagwa na wanafunzi, mimi nimeyakausha kwa dekio. Mashine nilikwisha kuieleza kwamba inatoa cheche." Kweli alikuwa amenieleza, wiki mbili nyuma, nami nikamjibu kwamba mashine zote za umeme hutoa cheche. Nilimwandikia barua ya onyo, nikaamuru akatwe shilingi 50 kila mwezi kwa miezi sita. Mashine ikapelekwa stoo, na hakuna aliyeigusa mpaka mnada.

Sasa msomaji anapaswa kujua jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Feni yake imekaa mbele ya mfuko, kwa hiyo kila kinachofyonzwa hupita kwenye feni kwanza, ndipo kisukumwe mfukoni. Maji yangeingia, yangeifikia feni, yangefika na mfukoni, na vumbi lingeganda kama tope lililokauka. Tulipoumimina mfuko juu ya gazeti, likamwagika vumbi laini, kavu, jekundu, pamoja na maganda ya penseli zilizochongwa. Kitambaa hakikuwa na alama ya maji. Beringi hazikuwa na kutu. Mjukuu wangu alitoa zile kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zilikuwa zimelika zikabaki kama punje za mahindi.

"Babu, hii haikuharibiwa," akasema. "Imeisha kaboni tu. Ikifika hapo hutoa cheche sana, halafu inazima."

Tulichukua kaboni za drili kuukuu, tukazipunguza kwa msasa mpaka zikaingia. Gharama yake haikufika hata bei ya soda. Mashine ikanguruma sebuleni, kuku wakakimbia uani, mke wangu akapiga makofi. Mimi niliomba izimwe.

Yule mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Bintiye ninamfahamu, ana duka la nafaka karibu na stendi. Niliikokotoa fedha ile kwa namna mbalimbali, na hakuna hesabu iliyonipa jawabu, kwa maana shilingi 300 za mwaka ule zilikuwa unga na sare za shule, ilhali za leo hazinunui kitu. Nikatia kiasi nilichoona sitaona haya kukitoa ndani ya bahasha, nikaandika na barua. Nilieleza mambo ya kaboni, vumbi kavu na cheche, nikasema kwamba alisema kweli nami sikumsikiliza.

Alinikaribisha nyuma ya duka, akanipa kigoda. Aliisoma barua polepole, mara mbili. Bahasha ya fedha hakuifungua. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki wenye vyeti vya marehemu, na humo akatoa barua yangu ya mwaka 1983, sahihi yangu chini yake, na muhuri wa chuo wa rangi ya zambarau ambao haujafifia hata kidogo.

"Baba aliitunza," akasema. "Alikuwa akisema ipo siku."

Akaziweka barua mbili pamoja, akazitazama, kisha akaniuliza mbona hii mpya haina muhuri. Nikamwambia muhuri niliuacha chuoni nilipostaafu. Akafikiri kidogo, akaniletea kalamu, akaniomba niandike jina langu kamili chini ya sahihi, kwa herufi kubwa.